Sare ya Mikono Sita

Mkono wa tatu wa Bu Tarmini ulitoka Jumanne asubuhi, kwenye baraza ya Pak Lurah, mkuu wa kijiji chetu, wakati anampima mtoto wa Yuliatin. Mtoto alikuwa ananing'inia kwenye mizani ndani ya saruni, anapiga mateke na kulia kama anayeuzwa. Mkono wa kulia wa Bu Tarmini ulikuwa unasogeza jiwe la mizani, wa kushoto umemshika mtoto asizunguke, na pale chini dada yake mtoto, kitoto kingine kisichotulia, alikuwa ameshafika kwenye sufuria ya uji wa choroko na ameinama kuchungulia. Uji ulikuwa unatokota. Mkono ukatoka chini ya kwapa la kulia la Bu Tarmini, ukapenya kwenye mshono wa blauzi, ukamdaka yule mtoto kwa ukosi wa gauni na kumrudisha nyuma.

"Kilo nane na nusu," akasema Bu Tarmini. "Anaendelea vizuri. Ila mpunguzie biskuti, mdogo wangu."

"Sawa, Bu," akasema Yuliatin, kwani kwetu mama huitwa Bu na bwana huitwa Pak. "Na asante kwa huo mkono."

"Si kitu. Anayefuata!"

Sisi wa Karanglegi hatuna tabia ya kukodolea mtu macho. Kina mama waliokuwa kwenye foleni waliutazama kidogo ule mkono, wakaona ni mkono wa kawaida, una kucha fupi na ngozi iliyochoka kidogo kama ile mingine miwili, wakarudi kwenye maongezi yao. Bu Wiji, kada wa afya mwenzake, aliyekuwa anagawa uji, ndiye pekee aliyesema neno. "Blauzi imefumuka, shoga. Ukifika nyumbani uishone."

Sababu ya mkono ilijulikana, hakuna aliyehitaji kuuliza. Jana yake Pak Lurah alikuwa amemwongezea Bu Tarmini kazi. Mbali na kupima watoto kila mwezi na kupika uji na kuwafuata nyumbani wale wasioletwa, sasa awe anapita pia kila nyumba na tochi, akimulika matangi ya maji ya kuogea kutafuta viluwiluwi vya mbu. Bu Tarmini alikubali. Yeye hukubali. Usiku kucha ubavu ulimuwasha, akadhani ni upupu.

Kazi ya kada wa afya pale kwetu ni ya kujitolea. Posho ipo, huja ikijisikia kuja, na ikija inatosha sabuni na nauli ya kwenda kuifuata. Maisha yenyewe ya Bu Tarmini yaliendeshwa na vitunguu. Kila asubuhi mfanyabiashara mmoja wa sokoni alimletea gunia la vitunguu vidogo vyekundu, jioni akaja kuchukua vilivyomenywa, akalipa kwa uzito wa vitunguu bila maganda. Bu Tarmini alikuwa mjane, anaishi na mama mkwe wake, Mbah Sinem, yaani Bibi Sinem, kikongwe mwenye meno machache na maneno mengi. Mchele walinunua kwa kopo, kopo likiisha wanangoja vitunguu vingine. Ndoto ya Bu Tarmini ilikuwa moja tu na hakuificha hata kwa wageni: siku moja anunue mchele kwa gunia, ulale pale jikoni, ajue upo.

Kwa hiyo ule mkono ulipotoka, alifurahi sana, msimwone vile. Alirudi nyumbani mbio mbio, karibu aanguke kwenye mfereji. Akakaa chini mbele ya gunia, akachukua visu vitatu.

"Mbah," akasema, "leo tutamaliza kabla ya adhuhuri. Mikono mitatu! Nikizoea naongeza gunia la pili."

Akaupa mkono mpya kisu. Mkono ukakishika kwa heshima, ukakiweka chini, ukajikunja kifuani na kutulia. Akaupa tena. Ukakiweka tena. Akaushika kwa nguvu, akaubana na kitunguu, akaufundisha kama anavyofundishwa mtoto kushika kalamu. Mkono ukalegea wote, ukaning'inia.

Mbah Sinem alikuwa anatafuna tambuu, akatazama mpaka alipochoka kutazama. "Uache," akasema. "Huo si wa humu ndani. Huo wa serikali."

Wakati huo huo mtoto wa jirani akapita anakohoa. Mkono ukaruka juu, ukamwita kwa kiganja, ukamshika paji la uso kupima joto, ukampangusa kamasi na kumgeuza akanywe maji.

"Si nilikwambia," akasema Mbah Sinem.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Pak Lurah akaleta mazoezi ya viungo ya wazee, kila Jumamosi, na kanda ya muziki, na Bu Tarmini akiwa mbele kuwaonyesha. Mkono wa nne ukatoka. Ikaja habari ya Pak Ngadiman mwenye kifua kikuu, ambaye alitakiwa kutazamwa kila asubuhi akimeza vidonge, kwa sababu akiachiwa mwenyewe anavificha chini ya jamvi. Ukatoka wa tano. Ikaja bustani ya dawa za mitishamba, tangawizi na manjano, ambayo mkubwa fulani wa wilayani alipenda kila kijiji kiwe nayo. Ukatoka wa sita, upande wa kushoto, na Bu Tarmini akawa sawasawa, mitatu huku na mitatu huku.

Kwa kijiji ilikuwa neema, kusema kweli. Ungemwona asubuhi anapita na baiskeli, mikono miwili kwenye usukani, mmoja una tochi, mmoja una vidonge vya Pak Ngadiman, mmoja una mche wa tangawizi, na wa mwisho unawapungia wazee walioko barazani. Wazee nao wanampungia. Watoto walinenepa. Mbu walipungua mpaka watu wakaanza kulala bila chandarua, akawagombeza. Pak Ngadiman aliacha kukohoa damu. Mikono ilifanya kazi bila kuchoka na bila kukosea, na kila ikirudi nyumbani, ile minne ilijikunja kifuani mbele ya gunia la vitunguu, ikamwacha yeye na ile yake miwili ya kuzaliwa nayo.

Na njaa iliongezeka. Mikono sita inalishwa, bwana, haijali ni ya nani. Kopo la mchele lililokuwa linatosha siku sasa lilikuwa linaisha mchana.

Akaenda kwa Pak Lurah.

"Karibu, karibu, Bu!" akasema Pak Lurah. "Kaa hapo. Hiyo mingine iweke popote."

"Pak, nimekuja na shida yangu. Mikono imekuwa sita."

"Alhamdulillahi. Hizo ni baraka."

"Baraka, sikatai. Lakini tumbo ni lile lile, Pak, nalo linalisha yote."

Pak Lurah akacheka mpaka akashika meza. Si mtu mbaya, Pak Lurah. Anatusikiliza, na akicheka anacheka kweli. "Wewe Bu una maneno wewe! Sasa nisikilize. Sikutaka kusema mapema, lakini nasema. Kuna mashindano."

"Ya nini?"

"Ya vituo vya kupimia watoto, wilaya nzima. Majaji wanakuja mwezi ujao. Na mwaka huu hawatoi kombe peke yake." Akainua kidole. "Kuna nafasi ya ajira. Kada mmoja. Mshahara wa kila mwezi, na bima. Nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa, wanaitoa kulingana na mashindano haya haya."

Bu Tarmini akasogea mbele. Mikono yake yote sita ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Sasa niambie," akasema Pak Lurah, "wilaya nzima hii, nani mwingine ana mikono sita?"

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alipoingia uani, Bu Wiji alikuwa ameshakaa jikoni na Bu Narsih, mweka hazina wa makada, na wale wengine wawili, na Mbah Sinem katikati yao anatoa amri. Kelele tupu. Bu Wiji akamrukia, akamkumbatia, akakumbatiwa mara tatu kwa mpigo.

"Mshahara, shoga! Kila mwezi! Vitunguu umevipa talaka!"

"Bado, Wiji. Bado hatujashinda."

"Nani atatushinda? Nani? Wonokemiri? Wale ambao hata uji wao una mabonge kama saruji?"

"Wakishinda wao nahama kijiji," akasema Mbah Sinem.

Nafasi ilikuwa moja, na kila mmoja pale jikoni alikuwa na shida zake. Bu Narsih mumewe alikuwa hajarudi kutoka kwenye mashamba ya michikichi ng'ambo ya bahari, wala hatumi kitu. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema "na mimi je". Nafasi ilikuwa ya Bu Tarmini, hilo lilikubaliwa bila kupigiwa kura, na furaha ikawa ya wote. Mimi nilikuwepo, nilipeleka maji ya moto ya chai. Sijawahi kuona watu watano wakishangilia mshahara wa mtu mmoja namna ile.

Basi Karanglegi ikaingiwa na homa. Baraza ya Pak Lurah ikapakwa rangi. Mizani ikasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa. Bu Wiji akatunga wimbo wa kushangilia, kwa sababu majaji hupenda kupokewa kwa shangwe, na alasiri baada ya alasiri tukawasikia uwanjani. "Karanglegi!" "Tupo!" "Watoto?" "Wazima!" "Wazee?" "Wanaruka!" "Mbu je?" "Hana pa kutaga!" Kisha makofi. Makofi ya Bu Tarmini yalikuwa yanapigwa pea tatu, moja juu, moja katikati, moja chini, na yalikuwa yanasikika mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wanaume waliacha kazi kuja kutazama. Hata Pak Ngadiman alikuja, akameza kidonge mbele ya watu wote kwa kujionyesha.

Na sare. Hapo ndipo pa kuelewa vizuri, kwa sababu sare kwetu si jambo la mchezo. Makada hawaendi popote bila sare, na sare hununuliwa kwa fedha ya mvaaji mwenyewe, hata kama kula kwake ni kwa mkopo. Kuna kijiji kiliwahi kuporomoka hadi mkiani kwa sababu mama mmoja alivaa mtandio wa kijani kibichi na wenzake kijani cha majani makavu. Majaji waliandika: hakuna mshikamano. Hadithi hiyo kila kada anaijua, na huwa anaisimulia kwa sauti ya chini.

Wakagombana juu ya rangi siku nzima, wakaangukia rangi ya machungwa, machungwa ya kuumiza macho. Kisha wakaenda kwa Pak Gito, fundi cherehani. Pak Gito akampima Bu Tarmini mikono yote, akaandika kwa chaki ukutani.

"Mmoja mikono sita, wanne mikono miwili," akasema. "Sawa?"

"Sawa," akasema Bu Tarmini.

"Si sawa," akasema Bu Narsih.

Wote wakamgeukia. Bu Narsih ni mwanamke mpole, ukimsikia anapinga ujue ameshalifikiria. "Mmoja akiwa na mikono sita na sisi miwili," akasema, "hiyo ni sare gani? Majaji watasema nini?"

Wakatazamana kama watu walioona shimo mbele ya miguu yao.

"Mtandio wa kijani," akanong'ona Bu Wiji.

"Lakini nyie mikono hamna," akasema Pak Gito.

"Wewe shona, Pak. Tutaibana kwa pini."

"Kitambaa kitakuwa karibu maradufu. Na mimi mkono wa nguo ni mkono wa nguo, uwe na kitu ndani usiwe na kitu, uzi unakula ule ule."

Bu Tarmini alikataa. Alisema jamani, msijitie hasara kwa ajili yangu, nitavaa shuka, nitakaa nyuma. Wakamzomea. Bu Wiji akapiga meza ya fundi mpaka visahani vya vifungo vikaruka. "Tumeanza pamoja, tutapendeza pamoja! Shona, Pak Gito! Sare ni sare!" Na wale wengine wakaitikia kama kwenye wimbo: sare ni sare! Wakatoka pale wanacheka, wameshikana mikono, mitaani watu wakauliza kuna harusi ya nani.

Bu Narsih akauza redio. Bu Wiji akaweka rehani hereni zake. Bu Tarmini akachukua fedha ya vitunguu kabla ya kuvimenya, na mfanyabiashara akampa magunia mawili kwa siku mpaka deni liishe, na akavimenya vyote kwa mikono miwili, huku ile minne imemkalia kifuani, inapumzika. Macho yakawa mekundu hata Jumapili. Kopo la mchele likawa nusu kopo.

"Tutakula kitambaa," akasema Mbah Sinem. Lakini alikuwa anatabasamu, na wimbo wa Bu Wiji alikuwa ameshaujua wote.

Siku ya majaji ilifika na jua zuri. Walikuja na magari mawili meupe. Mkuu wao alikuwa Pak Hendrawan, bwana mrefu wa wilayani, mtanashati, anayeongea taratibu na kuinamisha kichwa akisikiliza. Alikuwa na sifa ya haki. Hajawahi kula rushwa ya kombe, walisema, na mimi naamini.

Makada watano walijipanga barazani kwa rangi ya machungwa. Bu Tarmini katikati, mikono yote sita imejaa kwenye nguo kama inavyopaswa. Wenzake wawili kulia na wawili kushoto, mikono miwili hai na minne mitupu, imepigwa pasi, imekunjwa na kubanwa kwa pini kifuani, sawa kabisa na ile ya Bu Tarmini ilivyokuwa imejikunja. Ukitazama kwa mbali hukuona tofauti. Walipendeza, jamani. Roho yangu ilijaa, nasema kweli. Mama yake Yuliatin alilia.

"Karanglegi!" akapaza Bu Wiji, na uwanja wote, si makada peke yao, ukajibu, "Tupo!"

Kisha Bu Tarmini akaanza kazi, na hapo hata madereva wa majaji walishuka garini. Alipima mtoto kwa mikono miwili, mkono wa tatu ukakoroga uji, wa nne ukampa Pak Ngadiman kidonge na kikombe, wa tano ukamulika tangi la maji, na wa sita ukawaongoza wazee waliokuwa wamepangwa nyuma, mkono juu, mkono chini, geuka. Hakumwaga hata tone. Mtoto hakulia. Katikati ya yote hayo akaulizwa swali juu ya chanjo ya surua, akajibu vizuri, huku akiwa anamfunga mtoto mwingine kifungo. Watu walipiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Jaji mmoja mwanamke alisimama akasema "Masha Allah" mara nyingi. Pak Lurah alikuwa amekunja mikono na anatazama juu, kwenye mabati, ili asionekane anavyocheka kwa furaha.

Pak Hendrawan akapita kwenye mstari, akawasalimu mmoja mmoja. Alipofika kwa Bu Wiji akasimama. Akatazama ile mikono ya nguo iliyobanwa kwa pini. Akaigusa kwa kidole.

"Na hii, Bu? Hii ya nini?"

Bu Wiji alikuwa amepandwa na furaha, jasho linamtiririka, sauti imemkauka kwa wimbo. Angeweza kusema ni sare tu. Angeweza kusema tulitaka tufanane. Lakini siku hiyo hakukuwa na jibu dogo kinywani mwake. Akasimama kama askari.

"Maandalizi, Pak!" akasema. "Karanglegi tuko tayari!"

Uwanja ukalipuka. Tulipiga makofi, tulipiga vigelegele, Mbah Sinem alipiga sufuria kwa mwiko. Pak Hendrawan akainamisha kichwa, akafikiri, akaandika.

Matokeo yalitangazwa baada ya sala ya adhuhuri, pale pale uwanjani, kwa kipaza sauti cha msikiti. Pak Hendrawan alianza kwa kushukuru hali ya hewa. Akasema ametembea vijiji vingi, hajaona moyo kama huu. Kisha akasema kombe la mwaka huu, la kituo bora cha wilaya, linakwenda Karanglegi.

Siwezi kuwaelezeni kelele. Bu Wiji alikaa chini mchangani. Bu Narsih alikuwa anazunguka tu peke yake. Wanaume walimbeba Pak Lurah, wakamwona mzito, wakamshusha. Bu Tarmini alikuwa amefunika uso kwa viganja viwili, na viwili vingine vimeshika kombe, na vile viwili vya mwisho vimemshika Mbah Sinem asianguke kwa kuruka.

"Na kuhusu nafasi ya ajira," akasema Pak Hendrawan.

Tukasogea mbele wote. Hata watoto.

"Tumeijadili kwa makini. Nafasi ni moja na mahitaji ni mengi, lazima tutazame haki. Hapa Karanglegi tumekuta mikono ya kutosha. Zaidi ya hapo, tumejionea wenyewe, kijiji hiki kimejiandaa. Kila kada ameshashonewa mikono minne mingine, anasubiri tu. Wenzenu wa Wonokemiri wana mikono miwili miwili na nguo za mikono miwili. Hawana mpango wowote." Akaguna kidogo, kwa huruma. "Kwa hiyo tumeona mshahara uende Wonokemiri, ukawasaidie. Na mtindo wa Karanglegi tutaufundisha wilaya nzima. Tayari tumewawekea mpango wa kwanza: lishe ya wajawazito. Bu Tarmini ataongoza."

Makofi yalianza kabla hatujaelewa, na yakishaanza huwezi kuyarudisha. Tulikuwa tumeshinda, si tumeshinda? Kombe lilikuwa pale, linang'aa. Bu Wiji peke yake hakupiga. Alikuwa bado amekaa mchangani, ameshika ile mikono yake mitupu ya rangi ya machungwa, pini zimemfunguka.

"Mdomo wangu huu," akasema. "Tarmini. Mdomo wangu huu."

"Inuka, shoga, utachafua sare," akasema Bu Tarmini. Uso wake ulikuwa umesawijika. Alikuwa ameumia, na aliyemjua aliona kwamba ameumia sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza mikono yote sita ilining'inia pamoja. Kisha akamwinua Bu Wiji na mitatu ya upande mmoja. "Tumeshinda. Usilie mbele za watu, wataandika."

Majaji wakaanza kuaga. Kwetu wageni wa wilayani hawaondoki mikono mitupu, si rushwa, ni mafuta ya gari tu, ni adabu. Makada walikuwa wamechanga tangu wiki iliyopita, kila mmoja alichokuwa nacho, na bahasha ilikuwa kwa Bu Narsih. Bu Narsih akaitoa haraka. Akamsogelea Bu Tarmini, akamsukumia bahasha ubavuni.

"Toa wewe," akanong'ona. "Wewe una mikono."

Pak Hendrawan akaja na tabasamu, akasema anataka kuisalimia yote. Akaisalimia yote, mmoja baada ya mwingine, kwa viganja viwili, kwa heshima, akianza juu kulia. Alipofika kwa ule wa mwisho, wa chini kushoto, mkono huo ambao haujawahi kumenya kitunguu hata kimoja ulikuwa umeshaipokea bahasha kutoka ubavuni. Ukamwekea kiganjani vizuri, ukakifunga kiganja chake kwa upole, bila kuambiwa na mtu. Naye hakutazama chini. Akaitia mfukoni, akawageukia watu wote waliokuwa uwanjani.

"Mungu aizidishe mikono hii," akasema.

"Amina!" tukaitikia sote kwa sauti moja, kwa furaha, na Bu Tarmini naye akaitikia.